Kuchovya Vyuma vya Shambani katika Zinki Iliyoyeyuka

Lango la chuma la zizi la ng'ombe huanza kuoza mahali pasipotazamwa, yaani chini kabisa, ambako nguzo zake hugusana na samadi na mkojo mchana na usiku. Rangi ya mafuta, hata ikipakwa mara mbili au tatu, haidumu mahali kama hapo. Pembe na kwato huikwaruza, na penye mkwaruzo maji na oksijeni hukifikia chuma. Kutu ikishaanza hutambaa chini ya rangi na kuibandua kama gamba. Ndiyo maana vyuma vingi vya shambani, kama vile malango, mapaa ya majosho, fremu za tela na minara ya matangi ya maji, hupelekwa kiwandani vikiwa vimekwisha kuundwa, vikachovywa vizima katika zinki iliyoyeyuka.

Zinki hukinga chuma kwa namna mbili. Kwanza ni ganda linalozuia maji na hewa. Pili, na hapa ndipo inapoishinda rangi, zinki ni metali iliyo tayari zaidi kuliko chuma kutoa elektroni zake. Ganda likikwaruzwa na unyevu ukaingia, zinki iliyo kandokando ya mkwaruzo ndiyo huliwa, na chuma husalimika. Jina la "mabati" linapotosha kidogo katika jambo hili, kwani bati halisi ni metali nyingine, nayo ndiyo iliyopakwa juu ya makopo mengi ya vyakula. Kopo la namna hiyo likikwaruzwa, chuma ndicho huliwa badala ya bati. Bati za kuezekea nyumba zimepakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini.

Wazo hili si geni. Mwaka 1742 Mfaransa Malouin alieleza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris jinsi ya kufunika chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyuka. Mwaka 1837 mhandisi Stanislas Sorel, wa Ufaransa pia, alipata hataza ya kazi hiyo baada ya kuchovya chuma kwanza katika asidi.

Kiwandani, kazi kubwa zaidi ni ya kusafisha. Zinki haishiki juu ya uchafu, na popote palipoachwa grisi, rangi au magamba ya kuchomelea hubaki doa jeusi lisilo na kinga. Chuma huogeshwa kwanza katika kostiki soda ya moto ili kuondoa mafuta, kikasuuzwa, kisha kikatumbukizwa katika asidi ya haidrokloriki ambayo huyeyusha kutu. Baada ya kusuuzwa tena huingizwa katika maji yenye kloraidi ya zinki na kloraidi ya amonia, ambayo hukilinda kisishike kutu upya. Hatimaye hukaushwa na kushushwa polepole katika birika la zinki lenye joto la nyuzi 450 hivi za Sentigredi. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na nusu.

Ndani ya birika hakuna kupaka tu. Chuma na zinki huungana na kufanya matabaka ya aloi, na baadhi ya matabaka hayo ni magumu kuliko chuma chenyewe cha kawaida. Ndiyo maana kwato hazikwarui ganda hilo kwa urahisi. Kwa chuma chenye unene unaozidi milimita 6, kiwango cha kimataifa ISO 1461 hutaka wastani wa ganda usiopungua sehemu 85 za elfu moja za milimita, yaani karibu gramu 610 za zinki kwa kila mita ya mraba. Vyuma vyenye silikoni ya kiasi fulani hutoka na rangi ya kijivu isiyong'aa. Wanunuzi wengi huilalamikia rangi hiyo bila sababu, maana ganda lake mara nyingi ni nene zaidi.

Jambo ambalo fundi wa karakana ya kijijini hana budi kulijua kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea ni habari ya mashimo. Malango mengi huundwa kwa mabomba, na fundi hodari huona fahari kuziba kila mwisho wa bomba asiache hata tundu la sindano. Kwa rangi ni sawa. Kwa zinki ni hatari ya kuua. Mshono unaoonekana mzima waweza kuwa na kitundu kidogo mno, na kupitia hapo maji au asidi hupenya ndani wakati wa kusafishwa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 hujaza zaidi ya lita 1,600, na kwenye nyuzi 450 mvuke huo hutaka nafasi karibu maradufu ya hiyo. Ukikosa pa kutokea hupasua bomba, na zinki ya moto huwarukia wafanyakazi waliosimama kando ya birika.

Kwa hiyo kila bomba hutobolewa mashimo mawili katika pembe zinazokabiliana. Lango huning'inizwa kwa mshazari. Zinki huingia kwa shimo la chini, hewa ikitoka kwa shimo la juu. Hewa isipotoka, bomba huelea juu ya zinki kama mtumbwi. Zinki nayo isipopata njia wakati wa kuinuliwa, hubaki ndani na kuongeza uzito na gharama. Milimita 10 au 12 hutosha kwa mabomba membamba. Kwa makubwa ni vema kiwanda kiulizwe kipimo, na kiulizwe pia urefu wa birika lake. Bamba mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine na kuchomelewa pande zote zina hatari ile ile, maana nazo hufungia unyevu katikati.

Uchomeleaji wote umalizike kabla ya kuchovya. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, joto linalopitwa kwa mbali na moto wa kuchomelea, na moshi wake mweupe humletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Mahali penye bawaba na parafujo paachiwe nafasi ya ganda.

Hata hivyo zinki si dawa ya kila kitu. Huyeyuka katika asidi, na vilevile katika alkali kali. Maji yatokayo katika majani ya mkonge yanapokamuliwa yana asidi, hivyo mitambo ya kukamulia haipati kwa zinki manufaa yale yapatwayo na lango la zizi. Maziwa ya mgando na maji ya matunda yasihifadhiwe katika vyombo vya zinki.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya kwa misumari mitatu isiyopakwa zinki, iliyosuguliwa kwa msasa. Wa kwanza uachwe mtupu, wa pili uzungushiwe ukanda wa zinki uliokatwa katika ganda la betri kuukuu ya tochi ya aina ya kaboni, na wa tatu uzungushiwe waya wa shaba. Kila mmoja uwekwe katika bilauri yake ya maji ya chumvi kwa siku tatu. Msumari wa shaba ndio hutangulia kushika kutu, huku ule wa zinki ukibaki safi, na unga mweupe ukitokea juu ya ukanda.