Ngoma Kwenye Ubao: Rangi ya Mafuta ya Mzee Lilanga

Tuache kidogo mambo ya korosho na gesi, tuongelee picha.

Ukiingia kafe yoyote ukatafuta jina George Lilanga, zinakuja picha kibao: viumbe vyenye masikio makubwa, midomo imechomoza, vidole viwili vitatu, rangi zinawaka. Wengi wetu huku kusini tukiziona tunasema "mashetani hayo", tunafunga ukurasa, tunarudi kwenye barua pepe. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema jamaa alikuwa anaabudu majini. Mimi nasema hapana. Nyingi ya zile picha ni za mchezo, yaani watu wako uwanjani, wengine wanacheza na wengine wanaangalia. Ukijua ngoma za kwetu zinavyoendeshwa, picha inaanza kusomeka yenyewe.

Kwanza mwenyewe ni nani. Lilanga ni Mmakonde, kazaliwa mwaka 1934 wilaya ya Masasi, mkoa huu huu wa Mtwara. Alianza na uchongaji kama vijana wengine wa Kimakonde. Miaka ya mwanzo ya 1970 akaenda Dar, akapata kazi Nyumba ya Sanaa, na inasemwa aliingia pale kama mlinzi. Pale ndipo akashika batiki, akashika brashi. Mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington, na mwaka 2004 zilikuwemo kwenye maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyoanzia Düsseldorf, Ujerumani. Sukari ilimsumbua sana uzeeni, akakatwa miguu, na bado akaendelea kuchora. Alifariki Dar mwaka 2005. Mtu wa Masasi huyo, lakini muulize mwanafunzi wa sekondari hapa mjini, hamjui.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapa pana utamu wake. Ulaya wakisema picha ya rangi ya mafuta wanamaanisha rangi iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Ile inakauka polepole, siku kadhaa, hata wiki. Kwa hiyo mchoraji anaweza kurudi kesho yake akachanganya kivuli na mwanga palepale kwenye turubai. Huku kwetu ukisema rangi ya mafuta, muuza duka la vifaa vya ujenzi anakupa kopo la kupaka mlango au baiskeli. Hiyo ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alipoanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi mwishoni mwa miaka ya 1960, na Lilanga naye aliitumia. Inakauka ndani ya masaa, inang'aa, na haikubali kuchanganywa kirahisi ikishatua. Ndiyo maana huoni kivuli kwenye picha zao. Kila rangi imekaa peke yake, nyekundu ni nyekundu, halafu mstari mweusi unazunguka. Watu wanadhani ni kutojua kuchora. Kumbe ni kopo lenyewe linavyotaka, na wazee wakalitii wakapata mtindo wao.

Na uwanja huo bapa, uliojaa watu bila nafasi tupu, unaifaa ngoma kweli kweli. Nani amewahi kuona ngoma ya Kimakonde yenye nafasi tupu?

Hapa inabidi nieleze midimu, kwa sababu bila hiyo hatuelewani. Midimu ni ngoma ya vinyago vya kuvaa. Wamakonde wa upande wetu huvaa kinyago usoni, na ndugu zao wa ng'ambo ya Ruvuma, uwanda wa Mueda, wana mapiko, ambayo yanavaliwa kichwani kama kofia nzima. Ngoma inachezwa hasa vijana wanapotoka jandoni. (Mambo ya jandoni kwenyewe siyaandiki hapa, waliopita wanajua na wasiopita wasubiri.) Mchezaji anafunikwa nguo mwili mzima mpaka ngozi isionekane, anaingia uwanjani na ngoma zinabadilika. Watoto wanakimbia, kina mama wanarudi nyuma huku wanacheka, halafu wanasogea tena. Yule si fulani bin fulani tena. Ni kitu kimetoka kusikojulikana.

Sasa angalia anachoigiza. Kuna kinyago cha mzee, kuna cha mwanamke mwenye ndonya mdomoni, kuna cha Mzungu, kuna cha askari. Kuna hata kinyago cha mwili, tumbo la mjamzito na maziwa yake, limechongwa kwa mti, anavaa mwanamume na kucheza kama mama aliyechoka na mimba! Hiyo ni tamthilia jamani. Ina wahusika, ina mavazi, ina watazamaji wanaojua lini waogope na lini wacheke. Na hivi vinyago havichongwi kwa mpingo kama vile vya kuuzia watalii. Vinachongwa kwa mti mwepesi, maana kuna mtu atakayeruka navyo juani. Chale za usoni mara nyingi zinawekwa kwa nta.

Mtindo wa kuchonga mashetani wenyewe si wa kale kama watu wanavyodhani. Ulishika kasi Dar mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji, na soko lilichangia. Lilanga akauchukua mtindo huo, lakini mashetani yake yanavaa mashati, yanabeba vyungu, yanapiga ngoma. Ukiniuliza mimi, hayo ni majirani zake wamevaa sura za kuigiza. Sura imezidishwa kama kinyago kinavyozidisha, ili ucheke kwanza, kisha ujiulize ni nani.

Na si yeye peke yake duniani. Ireland kulikuwa na Jack B. Yeats (1871–1957), ambaye kaka yake William alikuwa mmoja wa waanzilishi wa ukumbi wa Abbey, Dublin, uliofunguliwa 1904. Kaka mmoja kwenye tamthilia, mwingine anachora waigizaji na watu wa sarakasi kwa rangi ya mafuta nzito, ile inayokauka polepole. Picha zake za baadaye huwezi kujua mara moja wapi mtu anaishia na wapi hewa inaanza. Kwa Lilanga unajua mpaka kidole cha mwisho. Lakini wote wawili walikuwa na shida moja: mchezo ukiisha umeisha, watu wanaenda kulala, kitabaki nini?

Kwetu swali hilo si la kifalsafa. Mwaka 1984 vitu viliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na kimojawapo kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 wakaambiwa kuwa ni kile kilichoibwa. Kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Hesabu mwenyewe, miaka 26 kinyago kiko nje, na 20 kati ya hiyo ni baada ya kujulikana ni cha nani. Kikiwa kule kilikuwa mbao nzuri ndani ya kioo. Nguo hakuna, ngoma hakuna, mtu ndani hakuna.

Picha ya Lilanga inauzwa Ulaya kwa bei ambayo hapa unanunua kiwanja, na mnunuzi anaona rangi tu. Ila picha ina kitu ambacho kinyago cha kwenye kioo hakina: ina watazamaji. Angalia pembeni mwa zile picha, kuna viumbe vinashangaa, vingine vinacheka, kimoja kimeelekea upande mwingine kabisa kama mtoto aliyetumwa chumvi akakuta ngoma njiani.

Tamasha la MaKuYa lilipoanza hapa Mtwara mwaka 2008, ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao zilichezwa mbele ya watu wa mjini. Picha za simu zilipigwa nyingi. Mchoraji aliyekaa pembeni na kopo lake la rangi je, yupo? Kama yupo mdau anayemjua, aandike hapo chini. Na kama kuna mtu Masasi, Newala au Tandahimba ambaye nyumbani kwao kuna ubao wa Lilanga umeegemezwa ukutani nyuma ya kabati, aniambie. Nitapanda basi nije kuuona.