Mashine ya Kuchapa Nayo Ifungwe



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilifungiwa kabatini, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa Katibu. Siku hizi taarifa za akiba, mikopo na wadhamini hutoka katika kompyuta na kwenda kwenye printa kwa njia ya mtandao. Kabati tumelifunga, printa tumeiacha wazi.

Katika ukaguzi wa chama kimoja cha akiba na mikopo wilayani Temeke, nilikuta wanachama waliosubiri zamu wamepewa neno la siri la mtandao wa ofisi ili watumie simu zao. Printa ilikuwa katika mtandao huo huo. Kwa idhini ya Katibu, niliufungua ukurasa wa mipangilio yake kwa simu yangu. Haukuniuliza neno lolote.

Jambo hili si dogo. Mwezi Februari 2016, wezi walioingia katika mtandao wa Benki Kuu ya Bangladesh waliizuia printa iliyochapa taarifa za malipo. Watumishi walidhani ni hitilafu ya kawaida. Ilipotengenezwa, dola milioni 81 za Marekani zilikuwa zimekwisha kuhamishwa.

Kwa hiyo yafuatayo yatekelezwe:

Kwanza, neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe, kwani mara nyingi limeandikwa katika kijitabu cha maelekezo ambacho yeyote aweza kukisoma.

Pili, mtandao wa wageni utengwe na ule wa ofisi, wala printa isifikiwe kutoka nje kwa intaneti.

Tatu, fundi aweke toleo jipya la programu ya printa na kuzima huduma zisizotumika.

Nne, karatasi zichukuliwe mara zinapotoka. Printa ikigoma, au ikichapa kisichoagizwa, Katibu aandike tukio hilo na kumwita fundi siku hiyo hiyo.

Tano, mashine kubwa zenye diski huweza kuhifadhi nakala za hati. Diski ifutwe kabla mashine haijauzwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kamati za Usimamizi, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, ziingize printa katika orodha ya ukaguzi wao. Mwanachama aliyetukabidhi akiba yake ametukabidhi pia siri yake.