Kwa Nini Bei ya Redio na Simu Si Moja Katika Nchi Zote?

Watu wengi wa Kilosa na Mikumi huuliza swali ambalo jibu lake si fupi. Husema hivi: Ndugu yetu aliye Dubai atuambia kuwa simu ya namna hii huuzwa kule kwa bei ndogo, na jirani aliyekwenda Unguja amerudi na habari kama hiyo juu ya televisheni. Mbona hapa kwetu kitu kile kile, kilichotengenezwa katika kiwanda kile kile cha China, hutakiwa fedha nyingi zaidi? Wengine hawangoji jibu, bali husema mara moja kwamba mwenye duka ni mnyang'anyi.

Neno hilo ni zito, wala halifai kutamkwa kabla ya kupima mambo. Wako wauzaji wasio waaminifu, kama walivyo katika kila kazi. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hii haikufanywa na mwenye duka. Bei ya redio haitoki katika redio peke yake. Hutoka pia katika njia iliyopita redio hiyo, na katika sheria za kila nchi iliyoipokea. Yafaa tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni bandari. Mzigo ukifika Dar es Salaam, serikali haitozi ushuru juu ya bei ya kiwandani tu, bali huhesabu bei hiyo pamoja na nauli ya meli na bima yake. Basi nchi iliyo mbali na kiwanda hulipa mara mbili: hulipa nauli, kisha hulipa ushuru juu ya nauli hiyo.

Hatua ya pili ni ushuru wa forodha. Tangu mwaka 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na ushuru wa pamoja kwa vitu vitokavyo nje. Ulianza kwa madaraja matatu: vitu visivyotozwa kitu, vitu vitozwavyo 10 kwa mia, na vitu vitozwavyo 25 kwa mia, yaani vile vilivyokwisha kukamilika na kuwa tayari kutumiwa. Mwaka 2022 likaongezwa daraja la nne la 35 kwa mia kwa bidhaa kadha wa kadha. Nia ya madaraja haya ni kuvipa viwanda vya kwetu nafasi ya kukua. Lakini mahali ambapo kiwanda cha kwetu hakipo, mnunuzi hulipa na hapati kitu badala yake.

Hatua ya tatu ni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara kimekuwa 18 kwa mia tangu mwaka 2009. Nayo huhesabiwa juu ya bei ambayo ushuru umekwisha kuingia ndani yake.

Tutoe hesabu ya mfano, ambayo mwalimu aweza kuiandika ubaoni. Tuseme kitu kimefika bandarini kwa thamani ya shilingi 100,000, nacho ni cha daraja la 25. Ushuru ni shilingi 25,000, jumla 125,000. Kodi ya 18 kwa mia juu ya jumla hiyo ni shilingi 22,500. Basi kabla hakijatoka bandarini kimekwisha kuwa shilingi 147,500. Sasa tukipeleke Dubai. Huko ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi ni 5 kwa mia, na kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza tarehe 1 Januari 2018, nayo ni 5 kwa mia. Shilingi 100,000 huwa 105,000, kisha 110,250. Tofauti ni shilingi 37,250, wala hakuna muuzaji hata mmoja aliyekwisha kutia faida yake.

Huenda mtu akauliza: Kama Dubai waweza, sisi twashindwa nini? Jibu ni kwamba kila nchi huchagua mahali pa kupata fedha zake. Dubai imefanya bandari yake kuwa soko la dunia. Mwaka 1985 ilianzisha eneo huru la biashara la Jebel Ali, ili wafanyabiashara wa nchi nyingi waweke mali zao hapo na kuzisafirisha tena. Faida yake hutoka katika wingi wa mali ipitayo. Unguja nayo kwa muda mrefu ilikuwa kisiwa cha biashara, na viwango vyake vya kodi havikuwa sawasawa na vya Bara. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu walioleta televisheni kutoka Unguja walilalamika walipotozwa tofauti ya ushuru bandarini Dar es Salaam, hata jambo hilo likahesabiwa miongoni mwa kero za Muungano.

Jambo hili watu wa Mikumi wanalo mbele ya macho yao. Malori ya Zambia na Congo hupita katika barabara kuu mchana na usiku, yakikata katikati ya mbuga ya wanyama. Mara nyingine hupakia bidhaa zile zile zinazouzwa katika maduka ya mjini. Lakini mzigo upitao kwenda nchi nyingine hautozwi ushuru wetu. Utatozwa huko uendako. Kwa hiyo mtu akikuuzia kando ya njia kitu kilichoshushwa katika lori la namna hiyo, urahisi wake si baraka. Ni mali iliyokwepa ushuru, na huenda hata ni ya wizi. Nawe mnunuzi waweza kuulizwa.

Tena tusisahau kwamba fedha zinazotozwa bandarini hazipotei zote hewani. Mwaka 2015 Tanzania iliweka tozo ya kuendeleza reli, ambayo ilipoanza ilikuwa 1.5 kwa mia ya thamani ya bidhaa nyingi zitokazo nje. Reli mpya ipitayo Kilosa, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda hadi Dodoma mwezi wa Julai 2024, ni katika kazi zilizokusudiwa kusaidiwa na tozo hiyo. Mwenye kununua redio amechangia reli, ajue au asijue. Ni haki yake kuuliza kama fedha hizo zimetumika vema. Lakini si haki kusema kwamba zimeingia mfukoni mwa mwenye duka.

Je, kodi ikiondolewa, bei itashuka? Hapa pana fundisho. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika simu za mkononi mwaka 2009, ikairudisha kwa sheria mpya ya mwaka 2013. Na katika miaka ile ya katikati watu wengi zaidi walinunua simu. Tanzania nayo ilisamehe kodi hiyo katika simu janja, vishikwambi na modemu mwaka 2021, lakini mwaka uliofuata, 2022, msamaha ukafutwa. Yatupasa kujua kwamba kusamehe kodi si sawa na kushusha bei. Mfanyabiashara anayeuza kitu kilichosamehewa hawezi kudai arudishiwe kodi aliyolipa katika pango, usafirishaji na gharama nyinginezo za kitu hicho. Basi sehemu hiyo hubaki imejificha ndani ya bei. Tena mahali penye wauzaji wachache, punguzo laweza kuishia mikononi mwao. Ushindani wa maduka mengi ndio umlazimishao muuzaji kumpa mnunuzi sehemu yake.

Hatua ya nne ni thamani ya fedha. Mali ya China hulipwa kwa dola. Mwaka 2022 dola moja ilipatikana kwa shilingi 2,300 na zaidi kidogo. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Simu ya dola 50 ambayo ilikuwa shilingi 115,000 ikawa shilingi 130,000, ingawa kiwanda hakikuongeza hata senti moja. Muuzaji mwenye akili huogopa pia kesho, maana fedha anazopata leo ndizo atakazonunulia mzigo mwingine.

Hatua ya tano ni ukubwa wa soko. Mwenye kununua simu laki moja kwa mara moja hupunguziwa bei. Mwenye kununua mia mbili hapunguziwi. Na viwanda vikubwa navyo hupanga bei kwa kila nchi kwa kutazama wanunuzi wake, washindani wake na sheria zake. Nchi kama Brazil imezilinda kazi za viwanda vyake kwa kodi kubwa juu ya vitu vya nje, na watu wake wamelipa bei kubwa kwa simu na kompyuta.

Kisha hatua ya mwisho, ambayo ni yetu wenyewe: njia ya kutoka Kariakoo hadi kwetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni karibu kilometa 300, na kutoka Mikumi hadi Kilosa ni karibu kilometa 80 nyingine. Kila mtu anayeupokea mzigo njiani hutia faida yake juu ya jumla yote aliyotoa, pamoja na ule ushuru wa bandarini; hivyo shilingi ya ushuru huzaa nyingine kila inapobadilisha mikono. Na njia ikikatika, gharama hupanda. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na mizigo ya bara ikakwama.

Sasa twende kwa wale wanaolinganisha bei. Bei iandikwayo dukani Marekani kwa kawaida haina kodi ya mauzo ndani yake. Huongezwa wakati wa kulipa, na kila jimbo lina kiwango chake, na mengine kama Oregon hayatozi. Uingereza kodi ya 20 kwa mia imekwisha kutiwa katika bei unayoiona. Tena huko ng'ambo simu huweza kuonekana ya bei ndogo kwa sababu mnunuzi amejifunga kuilipa kila mwezi kwa miaka miwili. Asiyeyajua haya hulinganisha gunia lililojaa na gunia nusu.

Mwisho, tuangalie urahisi wa udanganyifu. Mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu za bandia nchini kote, na watu waliodhani wamenunua kwa bei rahisi wakabaki na vitu visivyozungumza. Mnunuzi alifundishwa kubonyeza *#06# ili apate namba ya simu yake, kisha kuituma kwa 15090 apate kujua ni ya kweli au ni ya bandia. Mtu aliyeuza mpunga wake wa msimu mzima ili mtoto apate simu ya kusomea, akapata chombo kilichokufa baada ya mwezi, hakununua rahisi.

Basi twawashauri wazee wa vijiji na walimu wawaeleze watu mambo haya. Kabla ya kununua, uliza bei katika maduka mawili au matatu, kwa kuwa hilo ndilo jambo lililo katika uwezo wako. Dai risiti, maana bila risiti huna dai lolote kitu kikiharibika. Uliza dhamana ni ya muda gani, na nani ataitimiza hapa hapa wilayani. Kitu kilicholetwa kutoka Dubai huenda kikawa na dhamana ya Dubai tu. Kisha, kama maduka yote matatu yana bei zinazokaribiana, jua kwamba mwenye duka hakuitunga peke yake. Lakini kama mmoja amezidi wenzake mno bila sababu, mwache na bidhaa zake, ukanunue kwa jirani yake.