Je, Wajua? Waraka wa Kwaresima Uliotikisa Malawi

Mkatoliki aliye mgeni Malawi, awe anaishi Area 18 jijini Lilongwe au katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aweza kudhani Kwaresima ni majivu, Njia ya Msalaba na Ijumaa bila nyama basi. Mwaka 1992 ilizidi hapo.

Tarehe 8 Machi, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, waraka wa maaskofu saba ulisomwa makanisani nchi nzima. Ulitaja umaskini, hali mbovu ya shule na hospitali, rushwa, na woga wa kusema. Chini ya utawala wa chama kimoja wa Rais Kamuzu Banda, huo ulikuwa ujasiri wa ajabu, nao hausimuliwi vya kutosha. Maaskofu walihojiwa na polisi. Kukutwa na waraka ukawa kosa. Lakini waraka ulikuwa umeamsha madai ya mabadiliko: Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, wakachagua vyama vingi. Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi.

Na Dzaleka? Zama za Banda lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka huohuo wa 1994 likageuzwa kambi ya wakimbizi, wengi wao leo kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.