Jasho Likikauka, Hatari Bado Haijaisha



Sisi tunaokaa Nateete twatoka alfajiri kila siku. Wengine huingia viwandani, wengine hupanda teksi kwenda mashambani. Katika dawa za kuua wadudu zinazotumika katika kilimo na maghala kuna jamii iitwayo oganofosfati, kama vile malathioni na dimethoati. Leo twataka kueleza kwa nini mwenzetu aliyedhuriwa na dawa hizi asirudishwe nyumbani, wala kazini, mara tu baada ya kuchomwa sindano.

Mishipa ya fahamu huamrisha viungo kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo huingia katika kipokezi kilichoko kwenye kiungo, kama ufunguo katika kufuli. Amri ikishafika, kimeng'enya maalumu huifagia. Oganofosfati humfunga mikono mfagiaji huyo. Asetilikolini hurundikana, na amri hazikomi.

Lakini ufunguo huo mmoja hufungua kufuli za aina mbili. Mwaka 1914 mtaalamu wa Kiingereza, Henry Dale, alionyesha kwamba kazi moja ya asetilikolini hufanana na ile ya muskarini, sumu ya uyoga, na nyingine hufanana na ile ya nikotini ya tumbaku. Kwa hiyo vipokezi vikaitwa vya muskarini na vya nikotini.

Vya muskarini viko katika tezi, macho, mapafu, tumbo na moyo. Vikichochewa mno, mtu hutokwa na jasho, mate na machozi, mboni za macho husinyaa, tumbo husokota, huharisha, na kifua hujaa makohozi. Vya nikotini viko katika misuli tunayonyanyulia mizigo na kuvutia pumzi. Hapo misuli huchezacheza, kisha hulegea na hata kupooza.

Hospitalini mgonjwa hupewa atropini. Dawa hii huokoa maisha, kwa sababu huziba vipokezi vya muskarini: kifua hukauka, moyo hurudia mwendo wake. Lakini vya nikotini katika misuli haivizibi. Jasho limekauka, mgonjwa anazungumza, kila mtu anashukuru. Kumbe misuli ya kupumulia yaweza bado kuwa hatarini.

Mwaka 1987 madaktari wa Sri Lanka walieleza wagonjwa ambao walikwisha pata nafuu, kisha baina ya siku ya kwanza na ya nne wakalegea shingo na kushindwa kupumua. Fikirini basi mnyunyizaji aliyechomwa sindano mchana na kurudishwa chumbani kwake Nateete jioni. Pumzi ikimpungua usiku, nani atamsaidia? Atahitaji mashine ya kupumulia, na mashine hiyo iko hospitalini.

Kwa hiyo ndugu, tushike haya:

1. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni. Anayemsaidia avae glavu.

2. Apelekwe hospitali upesi. Maziwa si dawa ya sumu hii.

3. Lebo ya dawa iende pamoja naye, ili daktari ajue anapambana na nini.

4. Msimamizi asimwite kazini kwa kuwa jasho limekauka. Daktari ndiye apime nguvu za shingo na pumzi, na ndiye aamue siku za kukaa wodini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Glavu na barakoa si zawadi. Tuzidai kabla ya pampu kubebwa mgongoni, na mwenzetu akilazwa tuulize habari zake kila siku mpaka arudi akiwa mzima.

Umoja ni nguvu.