Mtoto Akiumia Kiwiko: Angalia Vidole, Mfikishe Hospitalini Siku Hiyo Hiyo

Msimu wa maembe unapofika Makueni na Kitui, watoto hupanda miti, na baadhi yao huanguka. Wengine huanguka kutoka mgongoni mwa punda wakienda kuteka maji, au wakicheza mpira shuleni. Mtoto anayeanguka hunyoosha mkono ajikinge, na uzito wa mwili wote huishia kwenye kiwiko. Mfupa wa mkono ni mwembamba mahali palipo juu kidogo ya kiwiko, na hapo ndipo unapovunjika mara nyingi zaidi, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7.

Kwa nini ni jambo la haraka?

Mbele ya mfupa huo hupita mshipa mkubwa wa damu na neva zinazoendesha vidole. Mfupa uliovunjika unaweza kuubana mshipa au kuuchana. Uvimbe nao ukizidi, damu haiwafikii misuli vizuri. Misuli ikikosa damu kwa takriban saa 6 hadi 8, huanza kufa. Mfupa utapona, lakini vidole vitabaki vimejikunja maisha yote.

Angalia vidole

Linganisha mkono ulioumia na ule mzima. Je, vidole ni baridi au vimepauka? Je, mtoto anahisi unapomgusa? Mwambie ainue dole gumba, aunde duara kwa dole gumba na kidole cha shahada, kisha atanue vidole vyote. Akishindwa, au akilia sana unapomnyoosha vidole polepole, usisubiri asubuhi.

Kabla ya kufika hospitalini

• Usiuvute, usiukande wala usijaribu kuunyoosha mkono.
• Uache ulivyo. Uegemeze kwenye kadibodi au ubao uliofunikwa kwa nguo laini, kisha ufunge kwa leso bila kukaza.
• Vua bangili na saa mapema, kabla uvimbe haujaongezeka.
• Asile wala kunywa, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Kumbuka saa aliyokula mara ya mwisho.
• Kama mfupa umetoboa ngozi, funika kidonda kwa kitambaa safi.

Wazee wanaotibu mifupa wanaheshimiwa vijijini mwetu. Hata hivyo, vijiti vilivyofungwa kwa kukaza juu ya kiwiko kilichovimba vinaweza kuzuia damu kabisa, na kuna watoto waliokatwa mkono kwa sababu hiyo.

Hospitalini

Zahanati nyingi hazina eksirei. Zitamtuliza mtoto maumivu na kumpa rufaa, kwa mfano hadi hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kitui au Wote. Huko hupigwa picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Kiwiko cha mtoto si rahisi kusomeka, kwa kuwa sehemu kubwa bado ni gegedu, ambayo haionekani kwenye picha. Kwa hiyo picha inaweza kuonekana nzuri na bado daktari akaweka plasta na kukuita tena baada ya siku chache. Usikose siku hiyo.

Mfupa ambao haujasogea hutibiwa kwa plasta kwa takriban wiki 3. Uliosogea sana hurudishwa mahali pake mtoto akiwa amelala kwa dawa, kisha hushikiliwa kwa nyaya nyembamba za chuma, ambazo huondolewa baada ya wiki 3 au 4.

Baada ya kurudi nyumbani

Muweke mtoto mkono juu ya mto na mhimize achezeshe vidole. Maumivu yakiongezeka licha ya dawa, au vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kuvimba, rudi hospitalini mara moja, hata usiku. Plasta inayobana hulegezwa kwa dakika chache tu.

Plasta ikitolewa, kiwiko kitakuwa kigumu. Usikikande wala kukinyoosha kwa nguvu, kwani hilo huweza kuzidisha ugumu. Mwache mtoto akitumie mwenyewe, nacho kitalegea polepole katika wiki na miezi inayofuata.

Sajili familia yako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kabla ya ajali kutokea. Ukihitaji ushauri, muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Lakini mtoto akiumia kiwiko, safari ya hospitali haingoji siku ya pili.