SAUNDI KADI INAKWARUZA? USIKIMBILIE KUNUNUA MPYA



Ukiuza laivu, sauti ndiyo duka lako. Mteja asiposikia bei mara mbili hakuulizi, anatoka tu. Mimi nauza vitenge na mashuka laivu kila Ijumaa jioni. Mwezi uliopita kile kifaa kinachounganisha maiki na laptop, wengi tunakiita saundi kadi, kilianza kukwaruza, mara sauti inakatika kabisa. Fundi wa kwanza akaniambia, "Dada, hii imekufa, nunua nyingine." Sasa hela ya nyingine ndiyo ilikuwa hela ya mzigo! Nikaamua kuikagua mwenyewe nyumbani.

Kanuni yangu: anza na kitu rahisi, na badilisha kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibovu.

1. WAYA. Kuna waya za USB za kuchajia tu, hazipitishi data. Taa itawaka, lakini kompyuta haikioni kifaa. Azima waya unaojua ni mzima, ujaribu.

2. UMEME. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa hadi miliampia 500 tu. Ukichomeka kwenye habu yenye flashi na mausi, kifaa kinakosa nguvu na sauti inakatika. Chomeka moja kwa moja kwenye laptop.

3. MVUMO. Ukisikia "mmmm" isiyoisha, chomoa chaja ya laptop utumie betri. Mvumo ukiisha, saundi kadi haina shida. Jaribu chaja nyingine, au chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja.

4. MAIKI. Maiki nyingi za kondensa zinahitaji volti 48. Angalia kitufe cha 48V kama kimewashwa. Maiki ya dainamiki haihitaji.

5. MIPANGILIO. Kifaa kikiwa kwenye 44,100 na programu ya kurekodi ikiwa kwenye 48,000, sauti inaweza kukwaruza au kubadilika. Weka namba moja kote.

6. VUMBI. Ikikwaruza pale unapozungusha kitufe cha sauti, mara nyingi ni uchafu. Chomoa kila kitu, puliza kontakti klina kidogo, zungusha kitufe mara 20 hivi, acha ikauke vizuri kabla ya kuwasha.

Yangu ilipita hatua zote hizo na bado ikasumbua. Nikaanza kurekodi huku natikisa waya taratibu pale ulipochomekwa. Kila nikigusa, sauti inakatika. Na waya ulikuwa mwingine kabisa! Basi nikajua ubovu uko kwenye tundu lenyewe: risasi imeachia kwenye bodi kwa kuchomeka na kuchomoa kila siku.

Hapa ndipo pa kuokoa hela. Sikuirudisha kwa fundi wa redio, niliipeleka kwa fundi simu. Yeye kubadilisha na kuchomea matundu ya chaji ndiyo kazi yake ya kila siku. Nikamwonyesha palipo na shida, akachomea upya kwa shilingi 10,000. Ijumaa hiyo hiyo nikaingia laivu.

Angalizo: kama bado ina waranti, usifungue, irudishe dukani. Kama ni ile inayochomekwa ukutani moja kwa moja, usifungue kabisa. Ndani yake umeme unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa.

Na matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mpya, mimi naacha. Ukiamua kuiuza, mwambie mnunuzi ilitengenezwa wapi na nini. Anayekuamini kwa saundi kadi atarudi kwa vitenge.

Ya kwako inasumbua vipi? Andika kwenye komenti, tusaidiane.